Kwa kompyuta ya baba yako, kila siku ni Ijumaa

"Shikamoo mwalimu. Marehemu baba alikuwa na duka la steshenari, akatuachia kompyuta ya mezani yenye Windows 98 Second Edition na monita ya chogo ya inchi 15. Chini kulia, karibu na saa, kuna programu ndogo inayopanga skrinseva. Baba aliipangia kila siku ya wiki na ya kwake: Ijumaa mabomba yale yanayojijenga, Jumamosi samaki, Jumapili picha za familia yetu alizozitengeneza mwenyewe. Tangu tuirudishe mezani mwaka huu ni mabomba tu, picha hazitokei tena. Nimepata toleo jipya la programu hiyo kwenye intaneti nikaliweka kwenye flashi, lakini kompyuta haiitambui flashi. Rafiki yangu anasema nisiposasisha virusi wataingia, na skrinseva isipofanya kazi vizuri kioo kitaungua. Fundi wa mtaani anataka tufute kila kitu tuweke Windows upya. Kompyuta yenyewe ni nzima, ila kila nikiiwasha saa yake inasema 1 Januari 1999, na huwa tunaichomoa ukutani kila jioni kwa kuogopa umeme. Nisasishe au niache? Sitaki kuzipoteza zile picha."

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Umeuliza habari ya kusasisha, lakini ninavyokuelewa shida yako hasa ni picha za Jumapili. Nitajibu yote mawili, ila kwa mpangilio wangu, kwa sababu jibu la swali lako umeliandika wewe mwenyewe karibu na mwisho wa barua, kisha ukalipita.

Umesema saa inarudi 1 Januari 1999 kila unapowasha. Chukua kalenda ya mwaka ule uangalie: tarehe hiyo ilikuwa Ijumaa. Na baba yako aliipangia Ijumaa mabomba. Programu yake haijaharibika hata kidogo. Kila asubuhi inaamka, inaitazama saa ya kompyuta, inaona Ijumaa, inaweka mabomba kama ilivyoagizwa. Jioni mnachomoa waya, kesho yake Ijumaa inaanza tena. Jumapili haijafika kwenye mashine hiyo tangu mlipoirudisha mezani.

Saa ya kompyuta haiishi ndani ya Windows. Inaishi kwenye ubao mkuu (motherboard), na waya ukichomolewa inaendelea kutembea kwa nguvu ya betri ndogo ya duara, ukubwa wa sarafu, ambayo kwenye kompyuta nyingi za zama zile ni CR2032 ya volti 3. Betri hiyo hudumu miaka kadhaa tu. Ikifa, saa hupoteza kumbukumbu kila umeme unapokatika, ikarudi kwenye tarehe ambayo mtengenezaji wa ubao aliiweka iwe ya kuanzia. Ubao mwingine hurudi 1980, mwingine mwaka ulipotengenezwa. Ya kwenu imeangukia 1999.

Usiniamini kwa maneno. Jaribu leo, bila kununua kitu. Washa kompyuta, bofya mara mbili kwenye saa pale chini kulia, kalenda itafunguka. Weka tarehe ya Jumapili yoyote ya mwaka huu, bonyeza OK. Halafu bofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye alama ya ile programu, uifunge, kisha uifungue tena kutoka menyu ya Start ili isome siku upya. Iache kompyuta bila kuigusa mpaka muda wa skrinseva ufike. Zikitokea picha zenu, tumemaliza kutafuta ugonjwa. Zisipotokea, bado hujapoteza kitu, na maelezo yanayofuata yatakuonyesha pa kutazama.

Skrinseva ni nini hasa? Watu wengi hudhani ni picha au video. Kwenye Windows ni programu kamili, sawa na programu nyingine yoyote, ila jina la faili lake linaishia na .SCR badala ya .EXE. Windows huhesabu sekunde tangu mara ya mwisho ulipogusa kibodi au kipanya. Hesabu ikitimia, inatazama mstari mmoja ndani ya faili liitwalo SYSTEM.INI kujua ni programu ipi ya kuiita. Unaweza kuuona mstari huo kwa macho yako: bofya Start, kisha Run, andika sysedit, bonyeza OK, tafuta dirisha la SYSTEM.INI. Chini ya kichwa kilichoandikwa boot utakuta kitu kama hiki:

SCRNSAVE.EXE=C:\WINDOWS\SYSTEM\3DPIPE~1.SCR

Hayo ndiyo mabomba yenu. Jina limekatwa hivyo kwa sababu mstari huu bado unatumia majina mafupi ya enzi za DOS, herufi nane na tatu. Tazama tu, usibadilishe kitu, kisha funga. (SCRNSAVE ni jina lenye umri. Mwaka 1983 John Socha alichapisha kwenye gazeti la Softalk programu ya jina hilohilo kwa ajili ya kompyuta ya IBM, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuzima picha kwenye kioo usipogusa kitu kwa dakika tatu.)

Ukiuelewa mstari huu, umeielewa na programu ya baba yako. Programu nyingi za kupanga skrinseva za miaka ile zilikuwa na kazi moja: kufuta jina lililo baada ya alama ya sawasawa na kuandika lingine siku ikibadilika. Kulikuwa na aina nyingine pia. After Dark ya Berkeley Systems, iliyojulikana dunia nzima kwa vibaniko vya mkate (tosta) vyenye mabawa, ilikuwa na vipande vyake yenyewe ambavyo kwenye Windows huishia na .AD, na havifanyi kazi nje ya programu mama. Ya kwenu kwa maelezo yako inatumia mabomba ya Windows yenyewe, kwa hiyo ni ya aina ya kwanza. Ni habari njema, kwa sababu ina maana skrinseva ya picha za familia karibu bila shaka ni faili la .SCR linalojitegemea. Hata programu ya kupanga ikifa, yenyewe itaendelea kufanya kazi.

Ihakikishe hivi. Bofya kitufe cha kulia mahali patupu kwenye skrini, chagua Properties, nenda kwenye kichupo cha Screen Saver. Kwenye orodha tafuta jina la ile ya familia, kisha bonyeza Preview. Orodha hiyo huonyesha skrinseva zilizomo kwenye folda ya WINDOWS na ya SYSTEM iliyo ndani yake. Kama mzee aliiweka folda nyingine haitaonekana hapo, lakini utaipata kwa kufungua Start, kisha Find, na kutafuta *.scr kwenye diski nzima ya C.

Sasa rafiki yako. Kwenye suala la virusi amelishika jambo kwa mkiani. Skrinseva ya zamani iliyokaa kwenye diski haiwaiti virusi, na kompyuta ambayo haijaunganishwa na intaneti haina mlango wa wao kupitia isipokuwa ule utakaoufungua wewe. Hatari iko kwenye kile unachotaka kukiingiza. Kwa kuwa .SCR ni programu, ukiibofya inatekelezwa, na waandishi wa virusi walilijua hilo mapema. MyDoom, iliyoenea kwa barua pepe Januari 2004, ilikuja mara nyingine kama kiambatisho cha .SCR. Windows 98 inakuongezea mtego: kwa kawaida inaficha mwisho wa jina la faili, hivyo faili liitwalo picha.jpg.scr wewe unaliona picha.jpg. Kabla hujaleta chochote kipya, fungua My Computer, nenda View, kisha Folder Options, kichupo cha View, uondoe alama kwenye maneno Hide file extensions for known file types. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya kwanza kwenye kila Windows ya zamani ninayoishika.

Kuhusu kioo kuungua, hapo ana chembe ya ukweli. Ndani ya monita ya chogo mwanga hutoka kwenye unga wa fosfori uliopakwa nyuma ya kioo, nao huchakaa unavyozidi kupigwa na elektroni. Picha ileile ikikaa palepale miezi na miezi, sehemu hizo huchakaa kuliko nyingine na kivuli chake hubaki hata ukizima. Mashine za benki na za viwanja vya ndege ziliumia sana kwa hilo. Lakini ni kazi ya muda mrefu, na mabomba yenu yanayotembea yanalinda kioo sawa na picha zitakavyolinda. Kinachokilinda zaidi ya vyote ni kuizima monita. Kwenye kichupo kilekile cha Screen Saver kuna kitufe cha Settings kinachokupeleka kwenye mipango ya umeme. Weka monita ijizime baada ya dakika 30, kama vifaa vyako vinakubali. Skrinseva yenyewe haiokoi umeme wa maana, kwa sababu monita inakuwa imewaka vilevile.

Na yule fundi anayetaka kufuta kila kitu, mkatalie kwa heshima, ila mkatalie. Kupangusa diski ili kutibu betri ya sarafu ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu taa ya varanda imeungua.

Kabla ya betri na kabla ya toleo jipya, okoa picha. Diski za zama hizo zimeshazeeka, na kuwasha tu ni kuzichosha. Flashi yako haisomwi kwa sababu Windows 98 Second Edition inajua USB, lakini haina draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) ya kusoma flashi za aina zote. Ilitegemea kila mtengenezaji alete yake. Kwa hiyo usihangaike na flashi. Njia ninayoipenda ni kuitoa diski kwenye kompyuta, kuiunganisha na kompyuta ya kisasa kwa adapta ya IDE (aina ya kiunganishi cha diski za zamani) kwenda USB, na kunakili kila kilichomo. Diski za Windows 98 kwa kawaida zimepangwa kwa FAT32, mfumo wa kuhifadhi mafaili ambao kompyuta za leo zinausoma bila tabu. Kama hujawahi kutoa diski, hii kazi mpe fundi, lakini kaa pembeni yake na umwambie neno moja: nakili, usifute. Windows ya kisasa ikiuliza kama unataka kuifomati diski, jibu ni hapana siku zote.

Ukishanakili, tafuta faili la .SCR la familia na picha zenyewe za asili. Skrinseva za namna hiyo mara nyingi zilizifunga picha ndani ya faili moja, kwa ukubwa uliopunguzwa. Lakini mzee lazima alizipata mahali, aidha kwa skana au kwa disketi, kwa hiyo tafuta pia *.jpg na *.bmp. Huenda zipo kubwa na safi kuliko zile mnazozikumbuka kwenye skrini.

Betri sasa. Chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa kompyuta, gusa chuma cha kasha kwanza ili umeme tuli ulio mwilini utoke. Utaiona sarafu inang'aa kwenye ubao mkuu. Piga picha kwa simu kabla hujaigusa ili ukumbuke upande wa alama ya kujumlisha, ambao kwa kawaida unatazama juu. Sukuma kishikizo, itaruka yenyewe. Ukiweka mpya, washa, na maneno ya mwanzo yakitokea bonyeza kitufe ulichoagizwa, mara nyingi Delete, uingie kwenye mipangilio ya ubao. Weka tarehe na saa, hifadhi, toka. Kama badala ya sarafu unaona kipipa kidogo kilichochomelewa, au unga wa kijani umezunguka nyaya, simama hapo. Betri za namna hiyo huvuja maji yanayokula ubao, na inahitaji mkono wenye chuma cha kulehemu.

Baada ya hapo ndipo swali lako linakuja: kusasisha au kuacha? Rai yangu ni uache. Toleo jipya lina maana pale linapoondoa kasoro unayoiona, na kasoro uliyoiona si ya programu. Tena toleo ulilolipata leo huenda halikuandikwa kwa ajili ya mashine hiyo kabisa. Programu nyingi zilizotengenezwa kwa zana za Microsoft kuanzia mwaka 2008 haziendi kwenye Windows 98. Utajua kwa ujumbe unaosema faili limeunganishwa na kitu kisichokuwepo ndani ya KERNEL32.DLL, moja ya mafaili ya msingi ya Windows. Ujumbe huo haumaanishi umekosea kitu. Maana yake ni kwamba programu inamwita mtu ambaye mwaka 1998 hakuwa amezaliwa, na hakuna kiraka cha kumleta.

Kama kuna sababu nyingine ya kulitaka, na maelezo yake yanataja Windows 98 waziwazi, lifanye kwa utaratibu. Lipeleke kwa CD iliyochomwa, au kwa disketi kama halizidi MB 1.44. Hakikisha saa imeshakuwa sawa, kisha bofya Start, Run, andika scanregw. Itakagua rejista (hazina ya mipangilio ya Windows) na kukuuliza kama uhifadhi nakala, ikubalie. Nakala hiyo inabeba rejista yote pamoja na SYSTEM.INI, yaani mstari wetu umo. Mambo yakiharibika, unawasha ukiwa umeshikilia Ctrl, unachagua Command prompt only, unaandika scanreg /restore, na kuchagua nakala kwa tarehe yake. Ndiyo maana saa inatangulia. Ukiwa na nakala tano zote zinazosema 1 Januari 1999 hutajua ipi ni ipi.

Nakili pia folda nzima ya programu iliyomo ndani ya Program Files, kwa sababu ratiba ya wiki aliyoipanga mzee huenda imeandikwa humo kwenye faili dogo la .INI. Hili ninalisema kwa uchungu. Mwaka 2003 nilimwekea mteja mmoja toleo jipya la programu ya kupanga kama hii, nikaanza kwa kuliondoa la zamani, nalo likaondoka na skrinseva aliyotengenezewa na mwanawe aliyekuwa masomoni nje. Nilirudi kutafuta wiki nzima bila kuipata. Tangu siku hiyo siondoi kitu kabla sijakiona kimenakiliwa mahali pawili.

Wakati wa kuweka, zima skrinseva kwa kuchagua None, na funga ile alama ya karibu na saa. Skrinseva ikiamka katikati ya kazi huvuruga. Watu walioendesha Defrag (programu ya kupanga upya mafaili kwenye diski) kwenye Windows 98 wanakumbuka ilivyokuwa inaanza upya kila mara kwa sababu ya skrinseva. Kisakinishi kikikuambia kinataka kuweka faili la zamani kuliko ulilonalo, na kukuuliza kama ubaki na lako, jibu ndiyo, baki nalo. Hayo ni mafaili ya DLL yanayotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, na kurudisha la zamani kunaweza kuangusha programu ambazo hazihusiani kabisa na skrinseva. Ukimaliza, washa upya, kwa sababu mafaili yaliyokuwa yanatumika hubadilishwa wakati wa kuwaka tu.

Yapo mambo ya kutojaribu peke yako. Diski ikianza kugonga, tik, tik, tik, na kompyuta kuganda, zima papo hapo uipeleke kwa mtu anayeokoa data, usiiwashe tena kujaribu bahati. Ukiona vikopo vidogo kwenye ubao mkuu vimevimba juu au vinatoa ute, mwone fundi wa elektroniki. Na monita, mwanangu, usiifungue hata kama picha inasinyaa au inanuka. Ndani ya chogo kuna zaidi ya volti 20,000, na chaji hubaki hata baada ya kuichomoa ukutani. Watoto wa nyumbani wasiikaribie ikiwa kifuniko kimetolewa.

Kuhusu kuchomoa kila jioni, endeleeni, kwa umeme wetu huu mnafanya vyema. Betri mpya itaitunza saa usiku. Niandikie ukishabadilisha, uniambie jina lililochapwa kwenye ubao mkuu na faili la familia linaitwaje, ili kama Jumapili mabomba yatatokea tena tutazame pamoja ratiba iliyomo kwenye lile faili la .INI.